Mwongozo kamili: kukagua na kukinga nguzo za chuma za gati dhidi ya barafu ya bahari

Nguzo ya chuma iliyosimama kwenye bahari inayoganda hailiki sawasawa. Ukiipima kuanzia juu hadi kwenye tope, utakuta sehemu kubwa bado ina unene wa kuridhisha. Kisha unafika kwenye mkanda mmoja, pale barafu inapogusa, na hapo chuma kimeng'aa, kimekwaruzwa mistari ya ulalo, na geji ya kupima unene inasoma milimita kadhaa pungufu. Mkanda huo ndio unaoamua umri wa gati. Rangi hubanduliwa hapo kabla ya kwingine, na ulinzi wa kathodi (umeme mdogo unaopelekwa kwenye chuma ili kukikinga na kutu) haufiki hapo ipasavyo. Kwa hiyo pima mkanda wa barafu peke yake, ukokotoe peke yake na uukarabati peke yake. Wastani wa nguzo nzima utakudanganya.

Mifano ya hapa imetoka hasa katika bahari mbili zinazotofautiana sana: Ghuba ya Bothnia kati ya Ufini na Uswidi, na Cook Inlet huko Alaska.

Barafu inafanya nini ambacho maji peke yake hayafanyi

Wengi hudhani baridi inapunguza kutu, kwa kuwa kemia hupungua kasi joto likishuka. Ni kweli kwa sehemu tu. Kutu ya chuma kilichozama hutegemea zaidi oksijeni inayofika kwenye uso wake, na maji baridi hubeba oksijeni nyingi. Maji ya bahari yenye chumvi ya kawaida, yakikaribia nyuzi 0, hushika takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakiwa na nyuzi 28, kama ya pwani ya Mombasa au Dar es Salaam, hushika kama 6 na kitu.

Kinachookoa chuma katika maji tulivu ni tabaka la kutu yenyewe. Likishajijenga, oksijeni hupenya kwa shida na kasi hushuka. Kiwango cha Ulaya cha EN 1993-5 kinaonyesha hivyo: katika eneo linaloshambuliwa zaidi, yaani karibu na kina cha maji kupwa na pale mawimbi yanaporukia, upotevu unaokadiriwa ni milimita 0.55 kwa miaka 5 ya mwanzo, lakini 1.9 kwa miaka 25 na 3.75 kwa miaka 50. Kwa chuma kilichozama daima ni 0.25, 0.90 na 1.75. Piga hesabu uone: mwanzoni ni milimita 0.11 kwa mwaka, baadaye 0.075.

Barafu inafuta nafuu hiyo. Kila bamba linalopita linakwangua kutu na kuacha chuma kitupu, na saa inaanza upya. Namba za jedwali hilo ni za bahari za hali ya hewa ya wastani. Ukwaruzaji wa barafu ni mzigo wa ziada unaopaswa kuuongeza mwenyewe kutokana na vipimo vya mahali pako.

Kuna mengine yanayojumlika hapo:

- Maji ya bahari yakiganda husukuma chumvi nje. Maji ya chumvi kali hubaki kwenye vijishimo na mifereji ndani ya barafu, na barafu iliyogandamana na nguzo huyaweka moja kwa moja juu ya chuma.
- Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Yakiwa yamejipenyeza chini ya ukingo wa rangi iliyopasuka, huiinua. Ufa wa kucha mwezi Desemba huwa kiraka cha kiganja mwezi Aprili.
- Ukanda uliokwanguliwa hugeuka anodi (upande unaolika), huku chuma cha juu na chini kilichofunikwa na kutu kikiwa kathodi (upande unaolindwa). Eneo dogo tupu linalipia eneo kubwa.
- Barafu hushika nguzo na kusogea wima maji yanapopanda na kushuka. Hung'oa ngazi, boliti, mabomba ya nyaya na anodi za kinga (vipande vya metali vinavyolika badala ya nguzo), na nguzo nyepesi isiyozama vya kutosha ardhini inaweza kuinuliwa kidogo kidogo mwaka hata mwaka.

Hatua ya 1: Weka mipaka ya mkanda wa barafu

Chukua kumbukumbu za kina cha maji za miezi ya barafu tu, si za mwaka mzima. Mpaka wa juu ni kiwango cha juu kabisa cha maji ya majira hayo, ukiongeza nusu mita hadi mita moja kwa barafu inayorundikana dhidi ya nguzo. Mpaka wa chini ni kiwango cha chini kabisa cha maji, ukitoa unene wa barafu, kwa sababu takriban sehemu tisa kwa kumi za unene wake hukaa chini ya maji. Ongeza nusu mita nyingine kwa vipande vilivyopandana.

Katika Ghuba ya Bothnia maji hayajai wala kupwa kwa kiasi cha maana. Upepo na shinikizo la hewa ndivyo vinavyoyapandisha na kuyashusha. Kwa hiyo mkanda ni mwembamba, lakini barafu inasugua palepale majira yote. Cook Inlet ni kinyume chake. Karibu na Anchorage tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 9 na zaidi wakati wa bamvua, mkondo ni mkali, na maji yamejaa tope laini la mito ya barafu ambalo nalo husugua. Mkanda hapo unafunika karibu urefu wote wa nguzo unaoonekana maji yakipwa. Gati za mji huo zilianza kazi mwaka 1961, na baadhi ya nguzo zake zimeripotiwa kupoteza hadi robo tatu ya unene wa awali. Nyingi zimevishwa mikono ya chuma (maganda yanayozunguka nguzo) ili ziendelee kubeba mzigo.

Jambo moja husahaulika sana kaskazini mwa Baltiki, bahari ambayo Ghuba ya Bothnia ni sehemu yake: ardhi inapanda. Kuzunguka Vaasa, Ufini, inapanda karibu milimita 9 kwa mwaka. Hata ukitoa kupanda kwa bahari, katika umri wa gati wa miaka 50 mkanda wa barafu utateremka kwenye nguzo kwa makumi ya sentimita. Kinga iliyowekwa sawasawa mwaka wa ujenzi itajikuta juu mno, na chuma tupu kitaanza kusuguliwa chini yake. Shusha ukingo wa chini wa kinga kwa kiasi hicho tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Pima unene

Pima barafu ikishayeyuka na kabla mwani haujaota. Huko Bothnia ni Mei au mwanzoni mwa Juni. Ukichelewa utalipa wapiga mbizi kusafisha kabla ya kupima.

Vifaa: geji ya mawimbi ya sauti yenye uwezo wa kusoma mwangwi kadhaa (ili unene wa rangi usihesabiwe kama chuma), kichwa cha megahezi 5 kwa unene wa milimita 6 hadi 20, kipande cha kusawazishia chenye vidato vya unene unaojulikana, cha aina ileile ya chuma, geji ya kina cha vishimo, na kilainishi kisichoganda kama gliserini. Sawazisha geji ukiwa nje, kipande kikiwa na baridi ileile ya nguzo. Kasi ya sauti ndani ya chuma ni kama mita 5,920 kwa sekunde na hubadilika kidogo joto likibadilika, hivyo usawazishaji uliofanyiwa ofisini yenye joto hauaminiki.

Ndani ya mkanda, pima kila sentimita 25 kwa wima. Nje ya mkanda, kila mita moja inatosha. Kwenye nguzo ya bomba, chukua pande nne: inayoelekea mkondo wa barafu, ya nyuma, na mbili za ubavuni. Kwenye ukuta wa mabamba yaliyofungamana, pima uso wa mbele, uso wa ndani na mbavu; barafu hula zaidi pembe zinazochomoza kuelekea baharini. Kila nukta isomwe mara tatu ndani ya duara la sentimita 5, na uandike thamani ndogo kabisa pamoja na wastani. Weka alama ya kudumu kwenye kichwa cha nguzo ili ukaguzi ujao urudi palepale.

Ukiwa hapo, angalia kwa macho. Chuma king'avu chenye mikwaruzo ya ulalo ni kazi ya barafu. Mikwaruzo ya wima ni barafu inayopanda na kushuka na maji, au meli. Ukikuta viraka vya rangi ya machungwa, laini, ambavyo ukivifuta kuna tabaka jeusi lenye harufu ya yai viza na chini yake chuma kinachong'aa chenye vishimo, huo ni ugonjwa mwingine: bakteria karibu na kina cha maji kupwa. Unaweza kula milimita 0.5 kwa mwaka au zaidi. Andika tofauti, kwa maana tiba yake ni tofauti.

Hatua ya 3: Kokotoa kilichobaki

Chukua nguzo ya bomba ya kipenyo cha milimita 900, unene wa awali 16, chuma cha S355 (daraja la kawaida la chuma cha ujenzi), haikujazwa zege. Baada ya miaka 13, mkanda wa barafu unasoma 12.1. Upotevu ni 3.9, yaani milimita 0.3 kwa mwaka. Eneo la mkato limepungua kwa takriban robo.

Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo kosa lilipo. Bomba jembamba huweza kujikunja ukutani kabla chuma hakijafikia nguvu yake kamili. Katika Eurocode 3, kanuni za Ulaya za usanifu wa chuma, bomba la S355 hubaki daraja la 3 (ukuta haujikunji kabla chuma hakijafikia nguvu yake) ikiwa kipenyo kugawanya kwa unene hakizidi 59.6. Nguzo yetu ilianza na 56, ndani ya mpaka. Sasa ina karibu 74, iko daraja la 4, na ukaguzi wa kujikunja ukutani ni wa lazima. Na tazama mpaka ulipovukwa: unene uliposhuka kufikia kama milimita 15, yaani baada ya kupoteza milimita moja hivi. Mhandisi aliyeweka akiba ya milimita 4 akidhani ana muda mrefu alikuwa na muda mfupi sana.

Kumbuka pia kwamba barafu inaposukuma gati, nguvu yake ya ulalo hutua kwenye mkanda huohuo uliodhoofika. Kwenye Ghuba ya Bohai, China, majukwaa ya mafuta yaliangushwa na barafu katika majira makali ya mwaka 1969. Mzigo huo si wa kupuuzwa.

Ukishapata vipimo vya miaka miwili tofauti, tumia kasi ya kipindi cha karibuni, si wastani tangu ujenzi. Miaka ya mwanzo rangi ilikuwa bado ipo, na inapunguza wastani kwa uongo.

Hatua ya 4: Chagua kinga, na usiipe rangi kazi ya chuma

Palipo na barafu nyepesi, rangi inayofaa inaweza kutosha. Palipo na barafu inayotembea kila siku, vika chuma juu ya chuma.

*Mkono wa chuma.* Vipande viwili vya nusu duara, unene wa milimita 10 hadi 12, vya chuma chenye uthabiti kwenye baridi. S355NL hupimwa kwa nyuzi 50 chini ya sifuri. Usitumie chuma kisichopimwa kwa baridi eti kwa sababu stoo kilikuwepo. Mkono uanze angalau nusu mita juu ya mkanda na uishie nusu mita chini yake, ukiongeza akiba ya ardhi kupanda pale inapohusika. Kingo za juu na chini zichongwe mteremko wa 1 kwa 4, la sivyo barafu itapata pa kushika na kuuvuta. Chomelea mzunguko mzima bila kuacha mwanya. Maji yakiingia nyuma yataganda, yatatanuka, na yatafungua mshono. Nafasi iliyobaki katikati ijazwe simenti laini isiyosinyaa.

Kuchomelea kwenye unyevu na baridi kuna masharti yake. Pasha chuma kwanza mpaka unyevu uishe, kinga sehemu dhidi ya upepo, na elektrodi za hidrojeni ndogo zikae kwenye oveni yake hadi dakika ya kutumika. Mshono uliopoa haraka huwa mgumu na hupasuka siku moja au mbili baadaye, mkaguzi akiwa ameshaondoka. Kwa hiyo kagua nyufa saa 48 baada ya kazi. Kwenye kuta za mabamba, shusha kasha la chuma lenye mpira kwenye kingo, libanwe ukutani, pampu maji, na fundi afanye kazi pakavu.

*Vitambaa vya mafuta na maganda ya plastiki yenye nyuzi za kioo.* Kwenye bahari ya joto vinafanya kazi nzuri. Barafu hukamata kingo zake na kuvivua, kisha maji husimama nyuma ya kilichobaki bila mtu kuona. Ndani ya mkanda wa barafu usivitumie bila ngao ya nje.

*Rangi.* Inayostahimili ni epoksi ngumu isiyo na kiyeyushi, ile inayotumika kwenye meli za kuvunja barafu, au epoksi yenye vipande vya kioo. Unene wa maikroni 500 hadi 1,000. Rangi laini na lami hazifai: kwenye baridi hukakamaa na kubanduka vipande. Utaratibu ni huu:

1. Osha kwa maji baridi ya bomba kwa shinikizo kubwa, kisha pima chumvi iliyobaki kwa kiraka cha Bresle (kijifuko kinachobandikwa kwenye chuma na kutiwa maji ya kuyeyusha chumvi). Lenga chini ya miligramu 20 kwa mita ya mraba. Ikizidi, osha tena. Kupiga mchanga hakuondoi chumvi iliyojificha kwenye vishimo.
2. Viringisha kingo kali kwa grainda hadi nusu-kipenyo cha milimita 2.
3. Piga mchanga hadi daraja la usafi la Sa 2½, ukwaru wa maikroni 75 hadi 100. Tumia punje zenye makali. Punje za duara huacha uso laini ambao rangi haishiki.
4. Hakikisha chuma kina joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande.
5. Paka mishono na kingo kwa brashi kwanza, halafu nyunyiza kwa mashine ya mabomba mawili inayopasha rangi.
6. Pima mashimo ya rangi kwa umeme, takriban volti 5 kwa kila maikroni: kwa maikroni 500 ni volti 2,500.

Fanya haya Juni hadi Agosti. Epoksi nyingi hazikomai chini ya nyuzi 10. Rangi iliyopakwa Oktoba huonekana ngumu kwa kidole, lakini barafu ya kwanza huikwangua kwa sababu haikuwa imekomaa.

Hatua ya 5: Ulinzi wa kathodi chini ya mkanda

Anodi hazilindi chuma kilicho hewani, na hulinda kwa udhaifu chuma kinachozama saa chache kwa siku. Kazi yake ni chini ya mkanda. Lakini huko pia barafu na baridi vina athari: utando wa chokaa ambao katika bahari ya joto hufunika chuma kilicholindwa na kupunguza mahitaji ya umeme, katika baridi hujengeka polepole. Ndiyo maana DNV-RP-B401, mwongozo wa shirika la DNV kuhusu ulinzi wa kathodi, kwa kina cha hadi mita 30, hudai wastani wa miliampea 120 kwa mita ya mraba kwenye maji ya chini ya nyuzi 7, na 70 tu kwenye maji ya zaidi ya nyuzi 20.

Mfano: ile nguzo ya milimita 900, mita 10 ndani ya maji, bila rangi. Eneo ni mita za mraba 28.3, umeme ni ampea 3.4. Kwa miaka 20 ni saa-ampea 594,000 hivi. Alumini hutoa 2,000 kwa kilo, na unaweza kutumia asilimia 90 ya anodi, kwa hiyo unahitaji kilo 330. Ongeza sehemu iliyo kwenye tope: mita 15 kwa miliampea 20 ni kilo nyingine 83. Ukiwa na rangi ambayo kwa wastani imeharibika asilimia 30, zile 330 hushuka hadi 99.

Hesabu hiyo ni ya maji yenye chumvi ya kawaida. Kaskazini mwa Ghuba ya Bothnia chumvi ni gramu 2 hadi 4 tu kwa kilo, na ukinzani wa maji ni kama mara kumi. Umeme hauendi mbali, na anodi za alumini zinaweza kujifunika na kulala. Huko tumia anodi za magnesi au mfumo wa umeme wa kulazimishwa (unaosukumwa na chanzo cha nje), anodi ziwe nyingi na karibu karibu.

Weka anodi angalau mita moja chini ya mpaka wa chini wa mkanda, upande wa nguzo usioelekea mkondo wa barafu, na upitishe nyaya ndani ya bomba la chuma lililochomelewa. Nguzo zote ziunganishwe kwa vyuma vya kuchomelea. Lengo ni volti 0.80 hasi au chini zaidi, ikipimwa kati ya nguzo na elektrodi rejea ya fedha na kloridi ya fedha katika maji ya bahari, 0.90 hasi palipo na bakteria, usivuke 1.10 hasi. Katika maji yenye chumvi kidogo elektrodi hiyo iliyo wazi husoma kombo. Tumia iliyofungwa yenye kloridi ya potasiamu, au ya shaba na salfeti ya shaba ambayo lengo lake ni 0.85 hasi.

Hatua ya 6: Majira ya barafu yenyewe

Nahodha wa tagi (meli ndogo ya kuvuta) asifagie barafu kwa kuisukumia nguzoni. Aivunje na kuitoa nje. Ekskaveta isibandue barafu iliyoshika nguzo kwa kugonga. Juu ya gati mwaga mchanga badala ya chumvi, kwa kuwa chumvi yote hushuka kwenye vichwa vya nguzo.

Mabomba ya hewa yanayobubujisha maji ya chini ili kuzuia kuganda yanafaa mahali fulani tu. Maji yenye chumvi chini ya gramu 24.7 kwa kilo huwa mazito zaidi kabla hayajafika kiwango cha kuganda, kwa hiyo yenye joto kidogo hukaa chini na yanaweza kupandishwa. Hilo linawezekana katika bandari tulivu za Baltiki zenye kina cha kutosha. Cook Inlet, ambako mkondo huchanganya maji yote, hakuna joto la kupandisha.

Gati mpya au iliyokarabatiwa ipimwe kila mwaka barafu ikishayeyuka, kwa miaka mitatu ya mwanzo, ndani ya mkanda tu, nguzo moja kati ya kumi. Kasi ikijulikana, unaweza kwenda kila miaka mitatu hadi mitano, isipokuwa kama majira yamekuwa makali au ardhi imeshasogeza mkanda chini ya ukingo wa mkono wa chuma.